Jumatano: Ukuta Kando ya Dari

Soma Kumb. 22:8 na Kut. 21:28, 29. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu upana wa amri ya sita?

______________________________________

Katika Israeli, dari ya nyumba ilikuwa mahali pa kukaa, kupumzika na kuanika mazao. Kwa hiyo Mungu alimwagiza mwenye nyumba aizungushie ukuta. Mtu akianguka kwa kukosa ukuta huo, hatia ya damu ilikuwa juu ya nyumba ile, hata kama hakuna aliyemsukuma.

Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, wanaume wengi walikuwa vitani. Wanawake na wasichana, wengi wao kutoka familia maskini, waliajiriwa kutengeneza risasi. Walikaa bega kwa bega kwenye mabenchi, wakifunga risasi na baruti ndani ya karatasi. Septemba 17, 1862, kiwanda cha silaha karibu na Pittsburgh kililipuka na kuua watu 78. Hilo lilikuwa onyo kwa kila kiwanda cha namna hiyo.

Juni 17, 1864, katika kiwanda cha silaha cha Washington, msimamizi alianika vidonge vya fataki juani, katika sinia za chuma, karibu na jengo walimofanya kazi wasichana. Muda mfupi kabla ya saa sita mchana vidonge viliwaka, na moto ukaruka ndani kupitia dirishani. Wafanyakazi 21 walikufa. Jopo la uchunguzi lilimwona msimamizi kuwa na hatia ya uzembe na kutojali maisha ya watu. Rais Abraham Lincoln alihudhuria mazishi, na serikali ikalipa gharama zake. Lakini kusogeza sinia zile mbali na dirisha kusingegharimu chochote.

Huenda mtu akasema, “Si walijua kwamba baruti ni hatari? Si walikubali wenyewe?” Naam, walikubali, kwa sababu walihitaji ujira. Lakini angalia tena Kumb. 22:8. Mungu hamwulizi aliyeanguka kwa nini alipanda darini. Anamwuliza mwenye nyumba kwa nini hakujenga ukuta. Tena, katika Kut. 21:29, mwenye ng'ombe aliyekwisha kuonywa ana hatia kubwa zaidi.

Tunaweza kuitunza Sabato, kurudisha zaka, na bado tukamwacha msichana wa kazi alale katika chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa. Tunaweza kumtuma kibarua apulizie dawa shambani bila kinga, au kumpandisha fundi kwenye jukwaa bovu hata tunapojenga nyumba ya Mungu. Asipodhurika, tunasema Bwana amemlinda. Je, sisi tumemlinda?

Soma Zab. 72:12-14. Mfalme anayeelezwa hapa huihesabu damu ya maskini kuwa ya thamani. Kristo, aliyemwaga damu Yake kwa ajili yetu, hutusamehe uzembe wetu tunapoutubu. Kisha hutupatia moyo unaomwona mfanyakazi kama Yeye anavyomwona. Moyo huo hujenga ukuta kabla mtu hajaanguka.

Ni nani anayefanya kazi chini ya uangalizi wako nyumbani, shambani, au kanisani? Ni hatari gani ambayo umekwisha kuonywa, lakini bado hujaiondoa? Utafanya nini kabla ya Sabato hii?