Kazi Mbi na Mchezo Mwema

Wazee wetu husema ya kuwa kazi mbi si mchezo mwema. Maana yake, kazi hata ikiwa mbovu ina heshima kuliko mchezo ulio mzuri. Sisi walimu tumelishika neno hili tukaligeuza kuwa fimbo. Tukimwona kijana ameketi chini ya mwembe na kipande cha waya mkononi, twamwuliza mara moja, "Unafanya nini wewe?" Naye hujibu, "Sifanyi kitu, mwalimu." Hofu iliyomo katika jibu lile hatuisikii, twasikia uvivu tu.

Mwaka mmoja tulimnyang'anya mwanafunzi wetu motokaa aliyoitengeneza kwa waya. Magurudumu yake yalikuwa vifuniko vya mikebe, na usukani wake ulishikamana na magurudumu ya mbele kwa fimbo ndefu, hata alipouzungusha kwa kuume, motokaa nayo ilikwenda kuume. Tuliitupa katika shimo la takataka, kwa kuwa saa ile ilikuwa saa ya hesabu. Mtoto hakulia. Lakini hatukumwona tena na waya, wala hesabu zake hazikuongezeka. Jambo hili limetusumbua siku nyingi, nalo ndilo lililotufanya tuulize: je, kitu kisichoagizwa na mtu, wala kulipiwa, wala kuhitajiwa, kinastahili kutengenezwa?

Katika kulitafuta jibu tulisoma habari za Mmarekani mmoja, Alexander Calder, ambaye maisha yake yote alishika waya na koleo kama yule mwanafunzi wetu. Alizaliwa mwaka 1898. Krismasi ya mwaka 1909, akiwa bado mtoto, alikata bati la shaba akalikunja, akawapa wazazi wake zawadi ya mbwa na bata. Na bata yule akiguswa huyumba mbele na nyuma. Vitu vile vingaliko hata leo, basi twajua ya kuwa hakuna aliyevitupa shimoni.

Alipokua alisomea uhandisi wa mitambo, akahitimu mwaka 1919, kisha akageukia sanaa. Mwaka 1926 alikwenda Paris, na huko akaanza kuunda sarakasi nzima ya watu na wanyama wadogo, kwa waya, vitambaa, vizibo vya chupa, vipande vya mbao na kamba. Aliifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1931. Sarakasi yake aliichukua katika masanduku ya safari, akaicheza mbele ya rafiki zake, yeye mwenyewe akipiga magoti sakafuni, mtu mzima, mnene wa mwili, akimsukuma simba wa kitambaa. Tukisema kweli, kama tungalimkuta hivyo tungalicheka.

Lakini mkono ule ule uliomfanya simba uliitengenezea nyumba yake vyombo vya jikoni, na mkewe mapambo ya shingoni. Katika miaka ya sarakasi ile alijifunza namna waya unavyobeba uzito na unavyoyumba. Baadaye akatundika vipande vya bati katika vijiti vya waya, kila kijiti kikining'inia mahali ambapo uzito wa pande mbili unalingana, hata upepo mdogo wa mlangoni ukavizungusha vyote polepole. Kwa kazi hizo jina lake likaenea duniani. Hata hivyo hatupendi kumtetea kwa sifa alizozipata baadaye, maana tukifanya hivyo tutakuwa tumesema ya kuwa mchezo ni mwema pale tu unapoleta faida, na wengi waliocheza kama yeye hawakupata sifa yoyote.

Mtu atatujibu: "Huyo alikuwa na chakula chake, sisi tuna mashamba, na palizi haingoji." Ni kweli. Kijana achezaye na waya huku mama yake akijitwika maji peke yake amekosa. Ila kosa lake ni kumwacha mama, si kuupinda waya.

Tutazameni na upande wa pili. Mtu aliagizwa mpini wa jembe, akalipwa. Akauchonga kwa haraka katika mti mbichi, ukapasuka kabla ya juma kwisha. Hiyo ndiyo kazi mbi. Na mtoto wetu, ambaye hakuna aliyemwahidi hata senti moja, alikuwa akifungua na kufunga waya wake mara tatu na mara nne, kwa sababu gurudumu moja lilikwenda upande. Ni nani kati ya hao wawili aliyeogopa kutengeneza kitu kibaya? Hatusemi wazee walikosea. Twasema tulimhukumu mtoto kwa neno lao kabla ya kuitazama vema motokaa yake.

Yule mwanafunzi sasa ni mtu mzima, ana watoto. Hivi karibuni tulipita kwake, tukamkuta mwanawe ameketi uani na waya, koleo na mkebe mtupu. Baba alipotuona alimwambia mtoto, kwa sauti ya chini, "Ondoa hivyo, mwalimu amekuja." Tulimsihi amwache. Tukaletewa kigoda, tukaketi karibu na mtoto, tukamwomba atuonyeshe usukani wake unavyoshikamana na magurudumu.