Haki Isiyongoja Kupona

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Methali hii niliisikia tangu utotoni, nikaifundisha darasani kwa miaka mingi, lakini uzito wake nilionyeshwa siku moja mwaka 1984, nilipokuwa mwalimu mkuu kijana wa shule ya msingi ya kijijini. Asubuhi hiyo mama mmoja alifika mlangoni pa ofisi yangu akiwa amemshika mkono mtoto wa kiume wa miaka minane hivi. Aliniamkia kwa adabu, nikaitikia, nikamkaribisha kiti. Mtoto hakuamkia. Alijichomoa mkononi mwa mama yake, akachuchumaa kizingitini, akatoa mfukoni vizibo vya soda na kuvipanga mstari mmoja ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Nilimwita kwa jina, hakugeuka.

"Anasikia, Mwalimu," mama aliwahi kusema. "Mvua ikianza huko mbali yeye huisikia kabla yetu. Ila hasemi."

Akanieleza kwamba hospitalini walimtazama mtoto wakaona hana ugonjwa, wakamwambia kuwa hayo ni mambo ya shule. Nami nikamjibu kwa maneno ambayo sijayasahau: "Mama, hapa ni shule, si hospitali. Hatuna mwalimu wa watoto wa namna hii." Akaniuliza, "Sasa nimpeleke wapi?" Nikainamia daftari la mahudhurio kana kwamba jibu limeandikwa humo. Aliokota vizibo kimoja kimoja, akaondoka na mwanawe.

Hapana budi msomaji ajue kwamba sheria ilikuwa upande wake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, na mimi mwenyewe, nikiwa mwalimu wa kawaida, nilizunguka na mabalozi wa nyumba kumi kuwasaka watoto waliokuwa machungani. Wazazi wasioleta watoto tuliwatisha kwa sheria hiyo hiyo. Huyu alimleta wake kwa miguu yake, nikamrudisha.

Jina la hali ile, yaani usonji, nililijua baadaye sana. Si laana, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema utotoni, nayo hugusa jinsi mtu anavyozungumza, anavyohusiana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Wengine wana maneno tele. Wengine hawasemi kabisa. Nilipolijua jina hilo nilimkumbuka yule mtoto, lakini nilijifariji kwamba mwaka ule sikuwa na ujuzi wala fedha.

Faraja hiyo aliiondoa mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye siku hizi ni wakili. Aliponitembelea alinisimulia shauri moja la Kanada lijulikanalo kwa jina la Auton, kisha akaniachia hukumu yake niisome. Nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa kuwa swali la yule mama limo ndani yake.

Katika jimbo la British Columbia, wazazi wa watoto wanne wenye usonji waliishtaki serikali ya jimbo. Walitaka igharimie tiba ya kurekebisha tabia iliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Katika tiba hiyo mwalimu huketi na mtoto mmoja tu kwa saa kama 40 kwa wiki, miaka miwili au mitatu. Kila jambo huvunjwa vipande vidogo: nitazame, gusa pua, nipe kikombe. Mtoto akipatia hutuzwa. Akikosea huanza tena. Wakati wa shauri lile gharama yake ilikuwa kati ya dola za Kanada 45,000 na 60,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, kiasi ambacho mzazi wa kawaida hakimudu hata katika nchi tajiri.

Mwaka 2000 mahakama ya kwanza iliamua kwamba kuwanyima watoto hao tiba ile ni ubaguzi unaokiuka katiba. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya jimbo ilikubaliana nayo. Lakini tarehe 19 Novemba, 2004, Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada, majaji wote kwa kauli moja, iliipa serikali ushindi. Jaji Mkuu Beverley McLachlin aliandika kwamba anawahurumia wazazi, ila kazi ya mahakama si kusema mfuko wa afya ugharimie nini. Hilo ni la bunge. Sheria iliahidi huduma za msingi zitolewazo na madaktari na hospitali. Haikuahidi kila tiba ambayo mtu anaihitaji, na waliotoa tiba hii hawakuwa madaktari. Kisichoahidiwa na sheria, mtu hawezi kusema amebaguliwa kwa kukikosa.

Nilipofika hapo niliyaweka makaratasi mezani. Hapa ni shule, si hospitali. Kumbe hata kwa wenzetu wenye vipofu vya macho na viziwi waliosomeshwa mpaka vyuo vikuu, mtoto wa usonji aliweza kukwama mlangoni, idara moja ikimwelekeza kwa nyingine.

Hata hivyo sitaki kuwafanya majaji wale kuwa watu wabaya. Aliyewahi kusimamia shule anajua maana ya mfuko usiotosha. Nimewahi kugawa boksi moja la chaki kwa walimu tisa. Serikali inayomlipia mtoto mmoja dola 60,000 itaulizwa na mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa wa damu, na wa mwenye moyo mbovu, kwa nini wao wasilipiwe. Na ni kweli kwamba bajeti ya taifa haifai kupangwa na mahakama, shauri moja baada ya lingine. Hayo nayakubali. Ninachosema ni kwamba jibu sahihi juu ya nani mwenye mamlaka ya kugawa si jibu juu ya nini anachostahili mtoto. Swali hilo la pili lilibaki pale pale.

Wazazi walilijibu kwa hoja ambayo kila mwalimu wa kwetu angeielewa: udongo uwahi ungali maji. Mtoto akianza mapema, walisema, atakua ajitegemee, na taifa litaokoa fedha za kumtunza maisha yake yote. Walikuwa na utafiti wa Lovaas wa mwaka 1987, ambamo watoto 9 kati ya 19 waliopewa tiba hiyo kwa saa nyingi waliingia darasa la kwanza la kawaida wakiwa na akili zinazopimika sawa na za wenzao. Wataalamu wengine waliupinga, wakisema kwamba watoto hawakugawanywa kwa kura katika makundi yaliyolinganishwa. Lakini tuseme umesimama bila doa. Bado mwalimu wa hesabu ndani yangu huuliza: na wale 10?

Swali hili si la mzaha. Ikiwa sababu ya kumlipia mtoto ni kwamba atabadilika afanane na wengine, basi asiyebadilika hana dai. Mwenye hoja ya faida lazima akubali pia hesabu ya hasara. Siwalaumu wazazi. Mtu aliyegongewa milango yote usoni hutumia hoja itakayofungua mlango, na mlango wa fedha za umma hufunguka kwa neno "atapona". Ila tazama bei yake: mzazi hulazimika kusimama hadharani na kumweleza mwanawe kwa maneno meusi kuliko yote, kwamba bila tiba hii maisha yake si maisha.

Kuna mtu aliyeyasikia maneno hayo na kuyajibu. Michelle Dawson, mwanamke wa Kanada mwenye usonji, aliruhusiwa kuingia katika shauri hilo mwaka 2004 mbele ya Mahakama Kuu Kabisa. Hakuwaunga mkono wazazi. Alihoji ni nani aliyeamua kwamba watu kama yeye ni msiba unaohitaji kuondolewa, na kwa nini tiba iliyowahi kutumia adhabu kwa watoto ihesabiwe kuwa haki yao. Na kweli, katika utafiti ule wa 1987 watoto walikemewa kwa sauti kali na mara nyingine kupigwa kofi la paja. Walimu wengi wa njia hiyo wameziacha adhabu hizo, lakini historia ndiyo hiyo.

Maneno yake yalinirudisha chuo cha ualimu. Tulifundishwa pale kwamba samaki mkunje angali mbichi, nami nikaenda kukunja. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na mtoto wa kike aliyeandika kwa mkono wa kushoto. Nilimgonga vidole kwa rula kila aliposhika kalamu kwa mkono huo, na kabla ya mwaka kwisha aliandika kwa mkono wa kulia. Mkaguzi alilisifu darasa langu. Tulifaulu, hakuna shaka. Lakini hakuna aliyeuliza kama jambo lenyewe lilihitajika. Kuhusu samaki nilikuja kufikiri uzeeni: yule anayekunjwa amekwisha kufa, haumii. Mtoto anaumia.

Je, basi tuwaache watoto hawa kama walivyo? La hasha. Anayesema hivyo hajalala nyumba moja na mtoto anayejing'ata mikono mpaka damu, au anayetoka mbio kuelekea barabarani bila kujua gari ni nini. Mama wa mtoto huyo hahitaji hotuba juu ya uzuri wa tofauti; anahitaji mwalimu, na anahitaji usingizi. Mtoto mwenyewe anahitaji njia ya kusema "naumwa", "nimechoka", "sitaki". Mafundisho hayo ni ya kazi kubwa, ya subira, na ya gharama.

Kwa hiyo mimi ningetenganisha mambo mawili yaliyofungwa pamoja katika shauri lile. La kwanza ni haki ya kufundishwa. Hiyo mtoto anayo kwa sababu ni mtoto wetu, wala haimpasi kuinunua kwa ahadi ya kupona. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia mzazi wa mtoto wa kawaida, "Nithibitishie kwanza kwamba atafaulu, ndipo nimpe dawati." La pili ni aina ya mafundisho. Hapo tuulize juu ya kila somo: linampunguzia nani taabu? Kumfundisha mtoto kuonyesha mahali panapomuuma kunampunguzia yeye. Kumzuia kupunga mikono anapofurahi kunatupunguzia aibu sisi watazamaji. Fedha za umma zitumike kwa la kwanza. La pili tujirekebishe wenyewe.

Kwetu Tanzania Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imetamka haki ya elimu bila ubaguzi. Chuo cha Patandi, mkoani Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu, na baadhi ya shule za msingi za serikali zina vitengo vya watoto wenye usonji. Ni hatua, lakini mzazi wa kijijini angali yuko mbali na vitengo hivyo, na nauli haimo katika sheria. Nasi tusijifiche nyuma ya dola 60,000 tukisema mambo haya ni ya matajiri. Mwaka 1984 yule mama hakuniomba fedha. Aliniomba mahali. Nilikuwa na mkeka ofisini na kona darasani. Nilikuwa na mwalimu mmoja wa darasa la kwanza ambaye angemvumilia mtoto yeyote. Ningeweza kusema, "Mwache hapa asubuhi ya leo, tuone." Sentensi hiyo haikuwa na gharama.

Nilikutana naye tena sokoni, mwaka 1993. Aliniamkia kwa adabu ile ile, jambo lililonichoma kuliko matusi. Nyuma yake kijana mrefu alikuwa akipanga nyanya kwenye mafungu, kila fungu sawa na jenzake, kubwa chini, ndogo juu. Nilimtambua kwa mikono. Nikasema kwamba nimefurahi kumwona anafanya kazi, na labda ndani yangu nilitafuta msamaha katika nyanya zile.

"Ananisaidia sana, Mwalimu," mama alisema. "Ila hasemi mpaka leo. Mwaka jana jino lilimtesa wiki mbili. Alikuwa analia usiku, anapiga kichwa ukutani, tukadhani ni wazimu umemwingia. Tulipojua, shavu limeshavimba."

Wiki mbili za maumivu, kwa kukosa somo moja la kugusa shavu na kuonyesha. Sijui kama ningeweza kumfundisha kusoma. Somo hilo la kidole na shavu, naamini tungelifika. Tulikuwa na miaka saba ya shule ya msingi ya kulifundishia.