Nani Alimharibu Rosa?

Shuleni tulifunzwa kusoma riwaya kama mahakimu. Mhusika anaingia, unaandika "mlevi, katili, mwenye tamaa", unatoa mfano kitabuni, unapata alama zako mbili. Kesi imeisha. Mbinu hiyo ilinipitisha mtihani, siikatai. Lakini kuna hadithi ambazo hadi leo hazijakubali kufungwa hivyo kichwani mwangu.

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971 na kupigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Zakaria anamchapa bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Eti anamlinda. Baadaye Rosa anaenda kusoma mbali na macho yake, na uhuru ambao hakuwahi kuuonja unammaliza. Ukiniuliza nani alimharibu, nitasema Zakaria, tena haraka sana. Halafu nakwama. Rosa ana wadogo zake waliolelewa na mzee yuleyule, nyumba ileile, na si wote walioishia alikoishia yeye. Nikimtwika baba kila kitu, Rosa anabaki mwanasesere tu, mtu asiyewahi kuchagua chochote. Nikimwachia Rosa kila kitu, basi mimi ni Zakaria, ila sina fimbo.

"Shogake Dada ana Ndevu", hadithi fupi ya Alifa Chokocho, iliniuma zaidi. Wazazi wa Safia wanamsifu mchana na usiku. Shoga yake anakuja na buibui, wanajifungia chumbani wadurusu, kumbe ndani ya buibui ni mvulana. Safia anafariki akijaribu kuavya mimba. Sasa huyu aliogopa nini, jameni, na si fimbo? Nadhani aliogopa zile sifa. Mtu anayekuchapa unaweza kumchukia ukapumua kidogo. Anayekuita malaika utamwambiaje?

Darasani tulilijibu hilo kwa maneno mawili: malezi mabaya. Mimi sioni ubaya wao uko wapi hasa. Walimpenda, wakamwamini.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokatika. Mamangu anajua. Huko ocha bado naitwa "profesa wetu", na wanaoniita hivyo ndio waliouza mahindi nikaenda. Desemba shangazi aliniuliza nitahitimu lini, apange kukodi matatu waje wote. Nikamwambia chai imepoa, wacha niirudishe jikoni.