Nzi wa Greenwell, Mkono wa Wright

Hakuna mashine inayofunga nzi bandia wa kuvulia trauti. Tumetuma vyombo hadi Mirihi, tumefundisha kompyuta kutunga mashairi, lakini kile chambo cha manyoya na uzi, ambacho mvuvi hukirusha majini ili samaki adhani ni mdudu, bado kinafungwa kwa vidole, kimoja kimoja. Ukinunua dazeni moja London au Denver, ujue kuna mtu aliyeketi mbele ya kibano, akashika ndoana ndogo kuliko ukucha, akaivisha mwili na mabawa. Si ajabu mtu huyo akawa Mkenya. Kazi hii imefanywa hapa kwetu kwa miongo mingi, na nzi wetu wanauzwa ng'ambo.

Sasa nauliza: nzi huyo ni wa nani? Siulizi kisheria, maana sheria ina jibu lake: ni wa aliyemnunua. Nauliza ni nani mwenye haki ya kumtazama na kusema, "Hii ni kazi yangu."

Twende mwaka 1854. Kasisi William Greenwell wa Durham, Uingereza, alikuwa akivua katika mto Tweed. Trauti walikuwa wanakula mdudu fulani na kudharau kila alichowarushia. Greenwell akawakamata wadudu kadhaa, akampelekea fundi James Wright wa kijiji cha Sprouston, akamweleza anachotaka: mwili wa hariri ya manjano, mabawa ya manyoya ya ndege aitwaye blackbird. Wright akafunga. Samaki wakaingia. Nzi yule anauzwa hadi leo, na anaitwa Greenwell's Glory, yaani fahari ya Greenwell. Wright hayumo kwenye jina.

Tusimwonee kasisi. Wazo lilikuwa lake, na wazo lina thamani. Lakini wazo halivui samaki. Mpe mafundi wawili maelezo yaleyale, hariri ileile na unyoya uleule, na mmoja atakufungia nzi anayeelea vizuri, mwingine atakufungia kitu kinachopinduka kikigusa maji. Tofauti iko mkononi: uzi umekazwa kiasi gani, mabawa yamesimama wapi. Nani basi alimfanya nzi yule?

Kuna kisa kingine kinachonisumbua zaidi. Mwaka 1922, jimbo la Michigan, Marekani, fundi Leonard Halladay alifunga nzi wa rangi ya kijivu, akampa rafiki yake, wakili Charles Adams, amjaribu katika mto Boardman. Adams alirudi amefurahi, akataka kujua nzi anaitwaje. Halladay akampa jina la rafiki yake huyo. Leo Adams ni kati ya nzi mashuhuri zaidi duniani, na wavuvi wengi wanaomtumia hawajawahi kusikia habari za Halladay.

Kwa juu juu, visa hivi viwili ni kitu kimoja: mteja amebaki na jina, fundi amesahaulika. Lakini mimi naona haviko sawa hata kidogo. Halladay alikuwa na kitu, akakitoa. Kila mtu pale alijua nzi ni wake, ndiyo maana aliweza kumpa rafiki jina hilo kama zawadi. Zawadi hutolewa na mwenye mali. Mtu ambaye hakuwahi kuulizwa hajatoa zawadi, hata akikaa kimya miaka hamsini.

Shangazi yangu alifunga nzi kwa miaka mingi, akilipwa kwa dazeni. Hajawahi kuvua. Trauti mwenyewe si mwenyeji hapa: wakoloni walimleta mwaka 1905, wakamwachilia katika mto Gura kule Nyandarua, na kwa muda mrefu kumvua kulikuwa starehe ya wazungu. Siku moja nilimuuliza shangazi kama haimuumi kwamba pakiti ina jina la kampuni na jina la nzi, lakini yeye hayuko popote. Akanicheka.

"Jina nitapika? Waongeze pesa ya dazeni."

Ni jibu zito, na kila anayependa kuongea kuhusu heshima ya kazi alisikie kwanza. Lakini shangazi hakuishia hapo. Aliniambia kwamba ukimchanganyia nzi mia, atawatoa wake bila kukosea. Anatazama kichwa, pale uzi unapomalizikia karibu na tundu la ndoana. Fundi mwenye haraka hujaza uzi pale mpaka mvuvi anashindwa kupitisha mshipi. "Wangu kichwa chake ni kisafi," akasema, na hapo hakuwa anacheka.

Kwa hivyo mtu anaweza kukosa haja ya jina na bado akajua kabisa kilicho chake. Unyenyekevu ni yeye kuamua kutojitaja. Kufutwa ni mwingine kumwamulia. Kwa mbali vinafanana, kama nzi bandia na nzi wa kweli, na aliye juu hupenda sana tusivitofautishe. Utasikia ati mafundi "hawapendi makuu". Nani aliwauliza?

Frank Sawyer alikuwa mlinzi wa mto Avon kule kusini mwa Uingereza, mtu wa kazi za mikono, aliyebuni vyambo vya trauti na vya greilingi. Jina lake limebaki. Alikuwa hodari, ndiyo, lakini pia aliandika kitabu mwaka 1958 akaeleza kazi yake kwa mdomo wake mwenyewe. Wangapi walikuwa hodari na hawakupata nafasi ya kueleza?

Haya si mambo ya wavuvi peke yao. Hapa Nairobi kuna vijana wanaokesha wakiandika insha zitakazosainiwa na mwanafunzi wa ng'ambo, wengine wakipanga picha ili kompyuta ya mtu ijifunze kuona. Wengi watakuambia maneno ya shangazi: jina nitapika? Wana haki. Bei ya haki ndiyo deni la kwanza, na yeyote anayempa fundi sifa badala ya pesa anamdhulumu mara mbili.

Lakini bei ikishalipwa, bado kuna deni. Fundi aulizwe. Aulizwe kazi inafanywaje, nini kiboreshwe, na kama anataka kutajwa. Akikataa, sawa, hiyo ni hiari yake, na tutajua alikuwa na cha kukataa. Wright huenda angesema nzi aitwe vivyo hivyo, Greenwell's Glory, na angeendelea na kazi yake. Ningependa tu iwe yeye aliyesema.