Ramadhani, Siku ya 17: Maua Mengi, Mbegu Haba

Daku mmekula? Alhamdulillah.

Leo twende mbali kidogo, New Zealand. Walowezi Waingereza wa karne ya 19 walipanda kule klova nyekundu, mmea wa malisho wenye majani matatumatatu na maua ya waridi yaliyokusanyika kama kifundo. Mifugo huupenda, na mizizi yake ina vinundu vya bakteria wanaorutubisha ardhi. (Wanafunzi wangu wa zamani mtakumbuka, tuling'oa kunde shuleni tukaviona vinundu kama hivyo.)

Klova ikastawi, maua yakajaa shamba, lakini mbegu haba. Ikabidi waagize Uingereza. Kumbe kila kijiua ni kama mrija, utamu uko chini kabisa, na nyuki wa asali ulimi wake mfupi, mara nyingi haufiki. Kule kwao kazi hiyo ilifanywa na nyuki wengine, wanene, wenye manyoya na ulimi mrefu. Mwaka 1885 wakasafirishwa melini, malkia wakiwa wamelala kwenye baridi. Waliofika hai hawakutimia mia. Wakaachiliwa, wakaenea, na klova ikazaa mbegu.

Subhanallah! Sura nzima ya Qur'ani ina jina la nyuki, na sisi tunasifu maua tu.

Sasa niseme langu. Juzi nimefika nyumbani, adhana imeshatoka, uji haujaiva, nikanuna. Na nilikuwa natoka kufundisha darsa ya subira! Mke wangu naye amefunga, yuko jikoni tangu alasiri. Hakusema neno. Aliniandalia, akarudi kuosha vyombo, tarawehe akaswali peke yake saa tano usiku, mimi nimeshajinyoosha.

Ndugu yangu, ukialika watu kufuturu unahesabu thawabu zako. Aliyesimama motoni na saumu yake umemhesabu? Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akaeleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na swala ikifika hutoka kwenda kuswali. Mtume huyo! Wewe na mimi ni nani tusiguse sufuria?

Radhi nimeomba jana. Nikaambiwa nianze na vyombo.

Basi leo futari ya msikitini wanaosha wanaume. Masufuria ya uji niachieni mimi. Akina mama, tarawehe saa mbili na robo, njooni mapema, jikoni hamna kazi.