Haya ya Chakula cha Kwetu

Haya ni pambo jema la mwanadamu. Humzuia mtu asiseme uongo mbele ya wazee wake, asinyoshe mkono kwenye mali isiyo yake, wala asile peke yake hali mwenziwe ana njaa. Lakini haya, kama taa, ina mahali pake pa kuwekwa. Taa iliyowekwa chini ya kitanda haiangazi nyumba, bali huunguza godoro. Katika insha hii nataka tuitazame haya moja ambayo, kwa maoni yangu, imewekwa chini ya kitanda: ni haya wanayoiona vijana wengi kwa chakula cha nyumbani kwao.

Ewe msomaji, fikiri juu ya siku ya wazazi kuzuru shule ya bweni. Vikapu vinafunguliwa nyasini. Upande huu kuku wa kukaanga na chipsi vinatolewa katika masanduku ya karatasi. Upande ule mama mmoja, aliyepanda matatu mbili tangu alfajiri, anafunua bakuli la githeri, au ugali wa wimbi uliofungwa kwa kitambaa pamoja na mnavu. Mwanawe anatazama kulia, anatazama kushoto, kisha anasema hana njaa. Hakutamka neno baya, wala hakuvunja sheria yoyote ya shule. Je, ametenda kosa?

Wako watakaojibu kwamba hakuna kosa hapo, kwa kuwa kila ulimi una mapenzi yake. Jibu hili lina nusu ya kweli. Mimi sitamshtaki mtu yeyote asiyependa mrenda. Utelezi wake si wa kila koo, na mtu hawezi kuamriwa kuona utamu. Lakini kutopenda ni jambo moja, na kudharau ni jambo jingine. Kijana yule alikula githeri hiyo hiyo wakati wa likizo, akaramba na kijiko. Ulimi wake haukubadilika kati ya Agosti na Oktoba. Kilichobadilika ni macho yaliyo kando yake. Kwa hiyo tuache kuitaja ladha, maana aliyoitoa kijana ni hukumu. Amehukumu kwamba chakula hiki ni cha watu duni. Na ikiwa ni hivyo, basi wakilao ni duni, na wa kwanza wao ni huyo aliyeshika kifuniko cha bakuli. Ladha haiulizwi sababu, lakini hukumu huulizwa ushahidi. Na tuuulize.

Ushahidi unaotolewa mara nyingi ni kwamba chakula cha nyumbani hakina elimu ndani yake: ni kuchemsha tu, na kuchemsha kila mtu anaweza. Asemaye hivi hajapata habari za mahindi. Mahindi hayakuwa ya kwetu tangu asili. Yalitoka katika nchi ya Mexico, ambako watu waliyalima maelfu ya miaka kabla ya meli yoyote ya Ulaya kufika huko, na wanawake wa nchi hiyo hawakuyapika vivi hivi. Waliyachemsha katika maji yaliyotiwa chokaa au majivu, wakayaacha usiku kucha, wakayaosha, ndipo wakayasaga. Mtazamaji angeweza kudhani kwamba kazi yote hiyo ni ya kulainisha ganda tu. Wazungu walipovuka bahari kurudi kwao walichukua mbegu, wakaacha mapishi.

Mbegu ilistawi Ulaya, na maskini wa Hispania na wa kaskazini ya Italia wakala mahindi asubuhi na jioni kwa sababu yalikuwa rahisi. Mwaka wa 1735 tabibu Gaspar Casal, huko Asturias katika Hispania, aliona ugonjwa mgeni: ngozi ilibabuka mahali palipopigwa na jua, tumbo likaharisha, akili ikavurugika, na mwisho wake ulikuwa kifo. Waitalia wakauita pellagra, maana yake ngozi inayoparuza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliua maelfu ya watu katika majimbo ya kusini ya Marekani, na waganga wengi wakawa wanatafuta kijidudu kinachouleta. Mwaka wa 1914 daktari Joseph Goldberger alitumwa na serikali ya nchi hiyo kuuchunguza, akaonyesha kwamba hapakuwa na kijidudu. Kosa lilikuwa katika sahani. Na mwaka wa 1937 mtaalamu Conrad Elvehjem akatambua kitu kilichokosekana, yaani vitamini iitwayo niasini. Imo katika mahindi, lakini imefungwa, na mwili wa mtu hauwezi kuifikia. Chokaa na majivu ndivyo vinavyoifungua.

Hesabu miaka, msomaji: 202 kati ya Casal na Elvehjem. Muda huo wote wasomi wa mataifa makubwa walikuwa wakitafuta jambo ambalo vyungu vya Mexico vilikuwa vikilitenda kila usiku. Ni kweli kwamba wanawake wale hawakulijua jina la niasini, wala hawakuweza kueleza sababu. Walijua kwamba mahindi hupikwa hivi na hayapikwi vile. Nawe waweza kuuliza, na ni swali la haki, kama huko ni kujua au ni mazoea tu. Mimi naona ni kujua. Mvuvi anayesoma upepo hawezi kukuandikia kanuni zake ubaoni, lakini hatuendi baharini na mwingine tukamwacha yeye. Elimu ina makao mawili, kinywani na mkononi, na shule zetu, kwa kuwa mtihani hufanywa kwa kalamu, huelekea kuitambua ile moja tu.

Mahindi yaliletwa katika pwani yetu na Wareno katika karne ya 16, lakini bara yalienea hasa katika karne ya 20, yakaushinda mtama, mawele na wimbi. Hapa nako yalikuja bila mapishi yake. Wapishi wetu hawakuyapeleka kwenye chokaa. Waliyapeleka kwenye jamaa. Wakikuyu waliyachemsha pamoja na maharagwe, ikawa githeri. Wakamba waliyatwanga yakatoka ganda, wakayachanganya vilevile na kunde au maharagwe, ikawa muthokoi. Leo mtaalamu wa lishe atakuambia kwamba mahindi yamepungukiwa na sehemu moja ya protini iitwayo laisini, ambayo imo kwa wingi katika maharagwe. Na kwamba maharagwe nayo yamepungukiwa na nyingine ambayo mahindi yanayo. Vikikutana katika chungu kimoja kila kimoja hulipa deni la mwenzake. Na lugha yenyewe yashuhudia, kwa maana tuna neno kitoweo, na mtu akila ugali bila hicho twasema amekula ugali mtupu, na twamhurumia.

Tazama tena mboga. Mgagani, ambao wengine huuita sageti, wengine dek, wengine chinsaga, ni mchungu. Mpishi wa Nyanza au wa Bonde la Ufa huuchemsha, huutia maziwa, huulaza, huupasha moto tena kesho yake, hata uchungu ukatulia. Magharibi ya Kenya kuna majivu ya maganda ya maharagwe yanayochujwa kwa maji, na maji hayo hulainisha mrenda na majani ya kunde yaliyo magumu. Pwani mchicha hutiwa tui la nazi. Mboga hizi kwa miaka mingi ziliitwa magugu, zikang'olewa ili kabichi na sukuma wiki zipate nafasi. Na sukuma wiki, ambayo wengi huiapia kuwa ya babu zao, ni mgeni aliyetoka Ulaya! Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, alitumia maisha yake ya kazi kuzichunguza hizo zilizoitwa magugu, na mwaka wa 2010 Umoja wa Afrika ukamtuza kwa elimu hiyo. Mchicha una madini ya chuma na chokaa kuishinda kabichi kwa mbali. Mwaka wa 2021 shirika la UNESCO liliiandika kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya jadi katika orodha yake ya mifano bora ya kuigwa. Kwa hiyo jambo lililofichwa nyuma ya bweni limesomwa kwa heshima mbele ya mataifa.

Hata hivyo nisingependa msomaji aifunge hukumu ya kwanza halafu afungue ya pili iliyo mbaya kama ile. Wako watu wanaosifu kila kilicho cha zamani kwa kuwa ni cha zamani, na hawa nao hawaulizi ushahidi. Mwaka wa 2004, hasa katika Ukambani, watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu iliyoota katika mahindi. Mengi ya mahindi hayo hayakununuliwa kwa mgeni. Yalilimwa shambani, yakawekwa nyumbani yangali na unyevu, yakapikwa kwa mapenzi. Mapenzi hayaui kuvu. Kadhalika, katika jamii kadhaa za Kenya, wanawake zamani walikatazwa kula kuku na mayai. Mama alimfuga kuku, akamchinjisha, akamnyonyoa, akampika na kumpakua, kisha akaketi kando akala mboga, na mimba tumboni. Firigisi ilikwenda kwa mwenye nyumba. Hiyo nayo ilikuwa desturi ya jikoni, na ilikuwa dhuluma. Miiko hiyo imeachwa na wengi, na hakuna aliyepoteza utu wake kwa kuiacha.

Basi kijana wa siku ile alikosa? Naam, alikosa, ingawa hatia yake ni ndogo kuliko ya wale waliomfundisha. Nani alimwambia kwamba wimbi ni wa watu duni? Huenda ni nyumba ile ile, ambamo mgeni akibisha hodi sahani ya mnavu huondolewa upesi mezani na mtoto hutumwa dukani kuleta mkate na soda. Mtoto ana macho. Hahitaji kuambiwa lipi la kuonyeshwa watu na lipi la kufichwa. Wazazi wanaolalamika kwamba vijana wanadharau vya kwao ni heri waanze kwa kukumbuka mara ya mwisho walipomkaribisha afisa au mchungaji, na walimwandalia nini.

Kosa la kijana ni kwamba alimhukumu shahidi kabla ya kumsikiliza, na shahidi huyu hangoji sana. Elimu ya mkononi haina vitabu vya kutosha. Bibi akifa bila mtu kumuuliza kwa nini maji ya kwanza ya mboga hii humwagwa na ya ile hayamwagwi, hakuna maktaba ya kwenda kuuliza, na wajukuu watabaki na mbegu bila mapishi, kama wale mabaharia.

Kuuliza kwenyewe kuna bei, na hapa nasema zaidi na wavulana. Ni rahisi kusimama katika mdahalo ukasifu vyakula vya jadi, ukapigiwa makofi, kisha ukarudi nyumbani ukangoja kupakuliwa. Sifa ya namna hiyo humrudisha mpishi kando ya kuku asiyemla. Chakula rahisi ni rahisi kwa mlaji. Mahindi na maharagwe makavu yasiyolowekwa huchukua saa tatu au zaidi motoni, na muda wote huo mtu huongeza maji, husukuma kuni, na hupepesa macho kwa moshi unaoingia kifuani mwake na mwa mtoto aliye mgongoni. Likizo ijayo, chungu kikiisha kutengwa mafigani, chukua kigoda ukae hapo tangu maji yanapoanza kuchemka hata maharagwe yapasuke, huku kuni zikiwa mkononi mwako, na umwache mama akapumzike barazani.