Daftari Lililoishia Getini

Mtaani kwetu Temeke tulikuwa na daftari la wanafunzi. Mimi, mwalimu, ndiye katibu wa kamati ya elimu, na safu zake nilizichora kwa rula kwa mkono wangu: Jina, Kidato cha Nne, Kidato cha Sita, Chuo. Kijana akipata chuo, namwekea alama nyekundu ya vema. Tunachangishana, dua inasomwa, pilau inapakuliwa, anasindikizwa stendi. Baada ya hapo hakuna aliyemuulizia tena.

Mwaka mmoja tulimsindikiza mtoto wa muuza vitumbua, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu. Bodi ya Mikopo ilimlipia sehemu ya ada, iliyobaki ajaze mwenyewe. Boom, yaani posho ya kujikimu ya Bodi, likiingia, nusu yake anaituma nyumbani kwa dawa za mdogo wake. Deni likamganda. Mwaka wa pili akazuiwa kuingia kwenye mtihani kwa sababu ya ada, na mwisho akadisko, yaani akaondolewa chuoni.

Mtaani hatukujua. Mama yake aliendelea kuinjika kikaango saa kumi alfajiri na kumtumia chochote kwa simu. Mwaka wa tatu ulipokwisha, akaja kwangu na kitenge kipya kwenye mfuko, bado hakijashonwa. "Mwalimu, mahafali ni lini? Huyu mtoto hanipi tarehe."

Yule kijana nilimkuta Kariakoo, anasukuma mkokoteni wa marobota ya mitumba.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, macho chini.

"Marahaba. Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Mlinishangilia sana, mwalimu. Ningerudi na uso gani?"

Nikamuuliza deni lilikuwa kiasi gani. Alichonitajia hakikufikia gharama ya pilau na maspika ya siku tuliyomuaga.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Kidato cha kwanza hadi cha nne hakina ada katika shule za serikali tangu 2016, na cha tano na cha sita tangu 2022. Watoto wetu wengi zaidi watafika geti la chuo. Basi ulinzi wetu nao uvuke geti hilo, maana huko ndani mtoto hupotea kimyakimya: ada iliyobaki, sapu (mtihani wa marudio) aliyoificha, njaa ya wiki mbili kabla ya boom.

Siku hizi daftari lina safu nyingine: Mwaka wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, Amehitimu. Kila muhula tunampigia kila mmoja na kumuuliza: unadaiwa kiasi gani, una sapu ngapi, umekula nini leo? Tunauliza bila ukali, ili ajibu ukweli. Na mchango hatuumalizi siku ya kumuaga. Tunabakiza akiba ya ada.

Jina la yule kijana bado limo, vema nyekundu mbele yake, kisha nafasi tupu. Nimeiacha hivyo makusudi, katibu atakayenifuata aione kabla hajashika kalamu.